Kwa nini katuni ya familia inapendeza kwenye trela halafu inachosha ukumbini? (Uzi wa wachoraji, waingiza sauti na waonyeshaji, Tanga na Bagamoyo)

#1 Tangamano_Jioni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo hili kwa kina, sisi tunaoandika, tunaochora, tunaoingiza sauti na tunaoonyesha filamu za katuni huku Tanga na Bagamoyo.

Filamu ya familia inatengenezwa kwa fedha nyingi. Rangi zinang'aa, manyoya ya mnyama unaweza kuyahesabu, trela inavunja mbavu. Ukifika usiku wa kuionyesha, dakika ya 35 au 40 watoto wanaanza kuchezea mchanga, baba katoa simu, mama anauliza imebaki kiasi gani. Wakitoka kila mmoja anasema "picha nzuri", lakini ukimwambia akusimulie ilihusu nini, hana la kushika.

Naomba sababu zenye vipimo. Ukisema tu "haina hisia", humsaidii anayeandika mswada wala anayepanga spika. Nauliza pia kwa sababu kuna vijana wa Chumbageni wanaandaa katuni ya dakika 10, mtoto anamfuata mbuzi wake ndani ya Mapango ya Amboni. Wako kwenye storibodi (michoro ya hadithi, picha baada ya picha), na hapo kubadilisha kitu bado ni kazi ya penseli na kifutio.

#2 Mhariri_Dunda

Salaam mkuu. Naanza na mswada, maana uchovu wa dakika ya 40 mara nyingi umeshaandikwa kabla mchoraji hajashika penseli.

Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina kurasa kama 90. Fungua ukurasa wa 12. Mtoto wa miaka 6 akiulizwa "steringi anataka nini?", ana jibu la kitu kinachoonekana? "Anataka kujitambua" halionekani hata kwa mtu mzima. "Anataka kumrudisha mbuzi kabla ya alfajiri" linaonekana, na kila tukio unaweza kulipima kama limemsogeza karibu na mbuzi au limemrudisha nyuma. Filamu zinazochosha hutumia dakika 20 za mwanzo kututembeza: mji unaoelea, maua yanayoongea, sheria za uchawi. Macho yanashiba. Karibu na dakika ya 30 ugeni umekwisha, na mtoto hana anachokisubiri. Ndipo unapoona mchanga unachezewa. Katuni ya dakika 10 haina nafasi hiyo kabisa: haja ya steringi ijulikane kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Kipimo cha pili ni cha mdomo. Msimulie mtu filamu yote, tukio baada ya tukio, usikilize unaunganisha kwa neno gani. Ukiona ni "halafu, halafu, halafu", ujue hayo matukio unaweza kuyapanga upya na hakuna atakayeshtuka. Hadithi iliyofungwa vizuri inakwenda kwa "kwa hiyo" na "lakini".

Tuchukue Amboni. Mswada dhaifu: mtoto anaingia pangoni, halafu anakutana na popo anayeongea, halafu wanaimba, halafu wanaona mawe ya ajabu, halafu mbuzi anapatikana. Sasa uukaze: mbuzi amenunuliwa kwa akika ya mdogo wake, na akika ni kesho asubuhi, kwa hiyo mtoto hawezi kurudi mikono mitupu. Anaingia na tochi, lakini betri zinakaribia kuisha, kwa hiyo anamwomba popo amwongoze. Popo anakubali, lakini tochi izimwe, kwa sababu mwanga unawatisha watoto wake. Hapo steringi achague: aone mwenyewe au aongozwe gizani. Pango ni lilelile na wahusika ni walewale, ila sasa huwezi kung'oa tukio hata moja bila jengo zima kuyumba.

Jambo la tatu ni adui aliyefichwa. Filamu nyingi za miaka ya karibuni zinamficha mpaka robo ya mwisho, kisha yule mzee mwema ndiye anageuka kuwa mbaya. Mtu mzima anapata mshtuko wa dakika moja. Mtoto amekaa saa nzima bila mtu wa kumwogopa, na bila hofu hana sababu ya kumshikia steringi roho.

Na hili lisiwavunje moyo vijana: hata mabingwa hupotea. Hadithi ya Toy Story 2, katuni ya studio ya Pixar ya Marekani, ilisukwa upya karibu yote ikiwa imebaki takriban miezi 9 itoke, Novemba 1999. Iliokoka, lakini iliwagharimu wafanyakazi afya zao. Hiyo ndiyo sababu ya kumaliza ugomvi wote kwenye storibodi.

#3 Bi_Raskazone

Assalaam aleikum nyote. Upande wangu ni watoto wa miaka 4 hadi 8, chekechea na madarasa ya chini.

Msiwaulize watoto "mmependa?" Wataitikia "ndiyoooo" kwa pamoja hata kwa picha mbovu, wamefundishwa adabu. Angalieni miili. Mtoto aliyeshikwa na hadithi mdomo uko wazi kidogo, mikono imetulia, na akiguswa na mwenzake hageuki. Aliyeachwa na hadithi anaanza na miguu, anafuata kugeuka nyuma, mwisho anaomba maji au choo. Mtu mmoja akae pembeni ya kioo cha kuonyeshea awatazame watoto tu, asitazame filamu, na kila watoto watatu wakigeuka kwa pamoja aandike dakika na sekunde. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maoni ya watu wazima 20.

La pili ni hotuba ya mwisho. Steringi anasimama kilimani, muziki unapanda, anasema kwa mdomo wake kwamba kumbe familia ndiyo kila kitu. Muda huo watoto wanaanza kuvaa viatu, kwa sababu hotuba wanaijua. Ni sauti ileile ya mkubwa anayewaambia wakae vizuri.

#4 Pangani_Magharibi

Mwalimu shikamoo, ila naomba nitofautiane nawe kidogo. Hadithi zetu za pwani zina fundisho mwishoni tangu zamani. Sungura kamwibia fisi, fisi kafanya tamaa, bibi anafunga kwa neno la hekima. Mbona hizo hazichoshi? Tukiondoa fundisho tutabaki na katuni ya kukimbizana tu.

Na kuhusu wazazi: wengine wanaangushwa kwa sababu ya matarajio yao. Mtoto wa miaka 5 anaangalia katuni moja mara 30 na hachoki.

#5 Bi_Raskazone

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe.

Bibi akisema "Paukwa!" watoto wanajibu "Pakawa!", na tangu hapo anawasoma nyuso. Wakisinzia anarefusha mlio wa fisi, wakiogopa sana anamleta sungura haraka. Fundisho analitoa baada ya watoto kuwa wamekwisha kumhukumu fisi wao wenyewe. Filamu haiwaoni watazamaji, imeshafungwa. Kwa hiyo hukumu hiyo lazima iwe imepangwa ndani ya tendo: tamaa ya fisi tuione inamkwamisha mlangoni kwa tumbo lake, na watoto ndio waseme "kajitakia". Wakishasema wao, bibi wa kwenye filamu ana ruhusa ya sentensi moja, isizidi.

Na huyo anayerudia mara 30, angalia anarudia nini. Mara nyingi ni vipande vitatu au vinne anavyovijua kwa moyo, katikati anacheza chini na kichwa anakiinua kipande chake kikifika. Hiyo ni ramani nzuri ya filamu: inakuonyesha wapi pana nyama na wapi pamejazwa.

Kuhusu wazazi, tatizo ninaloliona ni waandishi kugawa kicheko kwa zamu, kimoja cha mtoto, kinachofuata cha baba. Cha baba huwa ni kutaja mtu maarufu au tangazo la mwaka ule, na miaka 5 baadaye hakichekeshi mtu yeyote. Tukio la familia linachekwa na wote kwa sababu tofauti. Mtoto kaficha sahani aliyoivunja chini ya mkeka: mdogo anacheka kwa hofu ya kukamatwa, mkubwa anacheka kwa kuuona mkeka umevimba.

#6 KaoleMchoraji

Mwalimu ahsante kwa mkeka uliovimba, huo unachoreka. Sasa mimi niseme kwa nini picha "nzuri" inaweza kuwa imekufa.

Filamu inakwenda fremu (picha moja moja zinazofuatana) 24 kwa sekunde. Mchoro wa mkono kwa kawaida kila mmoja unakaa fremu 2, yaani michoro 12 kwa sekunde. Uchache huo si kasoro, jicho linaupokea vizuri. Kinachoua ni kuelea. Ukiipa kompyuta mkao wa kwanza na wa mwisho, inajaza katikati kwa ulaini uleule kila kiungo: kiuno, kifua, kichwa na mkono vyote vinaanza fremu ya 1 na vyote vinasimama fremu ya 20. Mhusika anaonekana anatembea ndani ya maji. Dawa yake ni kuchelewesha. Kiuno kianze fremu ya 1, kifua ya 3, kichwa ya 5, mkono ya 6. Masikio ya mbuzi yafike mwisho fremu 3 au 4 baada ya mwili kusimama. Kazi ya dakika chache kwa kila shoti (kipande kimoja kisichokatwa), na mbuzi anapata uhai.

Uzito. Kitu kinachoanguka chenyewe kinashuka kama sentimita 31 katika fremu 6 za kwanza, kimefika mita 1.2 kwenye fremu ya 12, na mita 4.9 kwenye fremu ya 24. Dafu kutoka mnazi wa mita 15 linachukua kama fremu 42 kugonga chini. Wanaoanza kuchora huligawa katika hatua sawa, matokeo yake dafu linashuka kama unyoya. Mtoto wa Tanga anajua dafu linavyoanguka, hahitaji fizikia, anaona tu kuna uongo. Ukitaka kuchekesha, ligandishe juu fremu 10 kisha liachie kwa kasi zaidi ya halisi. Kutia chumvi kunaruhusiwa. Kulegea ndiko kunakofukuza watu.

Macho yanatangulia kichwa kwa fremu 2 hadi 4. Kope zinapepesa wazo linapobadilika: fremu 2 kushuka, 1 au 2 zimefumba, 3 kupanda. Mhusika anayepepesa kila baada ya sekunde 3 kama saa ya ukutani anaonekana mdoli.

Hapa ndipo filamu ghali zinapojikwaa. Mwaka 1970 Masahiro Mori wa Japani aliandika kwamba sanamu ikikaribia sana kufanana na binadamu bila kufika, mtazamaji anaanza kuhisi ubaridi na woga. The Polar Express ya 2004 ililalamikiwa hasa kwa macho. Mtoto hawezi kukwambia kosa liko wapi, yeye anajisogeza kwa mama yake. The Lion King ya 2019 ililaumiwa kwa njia nyingine: iliuza tiketi nyingi sana, lakini simba walichorwa kama simba wa kweli, na simba wa kweli hana nyusi za kupandisha wala mdomo wa kutabasamu. Maneno ya huzuni yanatoka kwenye uso mtulivu. Katika ile ya 1994, iliyochorwa kwa mkono, huzuni unaisoma hata ukizima sauti. Vijana wa Chumbageni wafanye jaribio hilohilo: zima sauti, mtu asiyeijua hadithi aseme kila mhusika anajisikiaje.

Midomo: Kiswahili kinatosheka na maumbo 8. Matano ya irabu, moja la m, b na p lililofumba, moja la f na v meno yakiwa juu ya mdomo wa chini, moja la konsonanti zilizobaki. Mdomo wa m, b na p ukae angalau fremu 2 na utangulie sauti kwa fremu 1 au 2. Ukikosea hapo, mtazamaji anahisi kuna kitu hakikai sawa bila kujua ni nini.

#7 Tangamano_Jioni

Shukrani sana, nakusanya yote. Swali: kuna filamu ambazo hadithi ina "kwa hiyo" na "lakini", michoro ina uzito, na bado zikionyeshwa huku kwetu watu wanasema hawakuelewa kitu. Maneno hayasikiki, muziki unanguruma. Hilo nalo ni la mtengenezaji?

#8 FundiSauti_Ngamiani

Mkuu, hilo mara nyingi ni letu sisi waonyeshaji, na linarekebishika bila kununua kitu.

Filamu nyingi zina sauti ya njia 6: kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma, na ya sabufa. Maneno ya wahusika karibu yote yamewekwa njia ya kati. Sasa deki au kompyuta imewekwa itoe njia 6, wewe umechomeka waya mbili tu, kushoto na kulia, kwenye amplifaya. Njia ya kati haina pa kutokea. Unabaki na muziki, vishindo na mwangwi wa maneno kwa mbali. Fundi anaongeza sauti, muziki unazidi kunguruma, watoto wanaziba masikio, na lawama inaikuta filamu.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki, tafuta sehemu ya kuchanganya njia zote ziwe mbili, iwashe. Kwenye kompyuta, VLC ina sehemu ya kuchagua stirio ndani ya menyu ya sauti. Mchanganyo wa kawaida unaipeleka njia ya kati kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa uwanja wa wazi kama Tangamano mimi nasema usiipunguze, iende yote, na njia za nyuma uzishushe. Jaribu na kipande cha watu wawili wanaonong'ona, usijaribu na kipande cha vita. Mnong'ono ukisikika mstari wa nyuma, umemaliza.

Spika ziwe pande mbili za kioo, juu ya stendi za kama mita 2, zimeelekezwa katikati ya watu. Wengine wanaziweka nyuma ya watazamaji "zifike mbali". Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 34 unaichelewesha sehemu ya 10 ya sekunde, zaidi ya fremu 2. Ile kazi ya KaoleMchoraji ya kutanguliza mdomo fremu 1 umeshaiharibu. Jenereta iwe mbali, upande ambao upepo unatokea kwa watu kwenda kwake, isiwe kinyume. Upepo wa bahari usiku wa kusi unabeba muungurumo moja kwa moja.

#9 SautiZaMagomeni_Bgy

Fundi kamaliza la waya, nami niseme la kuingiza Kiswahili, maana hapa filamu nzuri inaweza kuuawa ikiwa mzima.

Kwanza urefu. Kilio cha silabi moja kwa Kiingereza kinakuwa "Nisaidieni!", silabi 6, na mdomo wa kwenye picha umeshafumba zamani. Mtafsiri anayeangalia maana tu anaandika sentensi sahihi zisizotosha, msomaji anakimbiza maneno, na mhusika mwenye huzuni anasikika kama mtangazaji wa mpira. Utaratibu unaofaa: tazama mstari bila sauti, hesabu mdomo unafunguka mara ngapi, weka alama unapofumba. Andika Kiswahili chenye silabi hizohizo au pungufu kwa moja, na m, b au p iangukie penye alama. "Jamani!" inaweza kukaa pale ambapo "Nisaidieni!" haikai. Kama mhusika amegeuza mgongo, hapo ndipo pa kulipia maneno yaliyobaki.

Pili, sauti ya chini. Kuingiza vizuri kunahitaji mkanda wa sauti wenye muziki na milio, usio na maneno. Ukiukosa, watu wanashusha sauti yote kila mtu anapoongea: mvua inanyesha, mtoto anasema neno, mvua inakatika, akinyamaza mvua inarudi. Ukikosa kabisa huo mkanda, rekodi mvua, upepo na nyayo zako mwenyewe uvilaze chini ya kila mazungumzo kujaza shimo.

Tatu, mtu mmoja kusema wahusika wote juu ya filamu. Wanaoifanya kazi hiyo kwenye vibanda umiza wana ufundi mkubwa, na kwa filamu za mapigano inanoga. Katika katuni ya familia inakula kimya. Pale mtoto wa kwenye filamu anapomtazama mbuzi wake bila neno, msimulizi anajaza: "hapa sasa anafikiria". Kimya hicho kilikuwa cha mtazamaji.

Bagamoyo hatukosi watu. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na mji umejaa vijana waliofunzwa kuigiza jukwaani. Ila sauti ya jukwaani ni ya kufika mstari wa nyuma, na maikrofoni iko sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Aliyetoka jukwaani apunguze nguvu na aongeze uso: akitabasamu kweli, sauti inatabasamu. Chumba kitundikwe magodoro au mablanketi pande tatu, feni izimwe, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, kila mstari urekodiwe mara 3 kwa nia tofauti. Na lafudhi jamani: kila mjinga apewe lafudhi ya bara na kila mwerevu aongee Kimjini? Watoto wanasikia na wanabeba.

Anayetaka kuona mdomo na Kiswahili vikikubaliana atazame vipindi vilivyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kama Ubongo Kids iliyoanza Tanzania mwaka 2014. Mstari ulirekodiwa kwanza, mdomo ukaufuata.

#10 Pangani_Magharibi

Na nyimbo? Naona nyimbo ndizo zinazoangusha zaidi siku hizi. Sita au saba kwenye filamu moja na hakuna anayeondoka na hata kibwagizo.

#11 Mhariri_Dunda

Kweli kabisa. Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, haihitaji kufundishwa hili: wimbo wa taarab una mlengwa. Anayeimba anamwimbia mtu, na wimbo ukiisha uhusiano wao haubaki ulivyokuwa. Nyimbo nyingi za katuni zinaimbwa hewani, mhusika anatueleza anavyojisikia, tunarudi palepale. Jaribio: toa wimbo wote, unganisha tukio la kabla na la baada. Kama hakuna kilichovunjika, wimbo ulikuwa mapumziko.

Mfano wa wimbo uliobadilisha kila kitu ni wa Frozen ya 2013. Elsa, malkia wa filamu hiyo, aliandaliwa kuwa adui. Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez walipoandika "Let It Go", wimbo ulimtoa mtu aliyechoka kujificha, asiyefanana na adui hata kidogo, na waandishi wakaibadilisha hadithi iufuate.

Popo wa Amboni akiimba, amwimbie mtoto kumshawishi azime tochi. Mwisho wa wimbo tochi imezimwa.

#12 FundiSauti_Ngamiani

Nimesahau picha. Haraka haraka:

Runinga za kisasa zina kitu cha kulainisha mwendo. Samsung walikiita Auto Motion Plus (kwenye za karibuni Picture Clarity), LG TruMotion, Sony Motionflow. Kizime. Runinga inabuni fremu zake katikati ya zile za mchoraji, michoro 12 iliyopangwa kwa makusudi inageuka utelezi na kingo zinaacha mkia. Kuelea kule anakokupiga vita Kaole, runinga inakurudisha.

Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3000 za kweli, kitambaa cheupe cha upana wa mita 6 ndio mwisho wake gizani taa ikiwa mpya. Taa ikichoka mwanga unaweza kushuka hadi nusu, rudi mita 4. Watu wanatandaza mita 8 ili kioo kionekane kikubwa, kisha matukio ya usiku yanapotea yote. Filamu ya pangoni itaumia vibaya hapo. Msianze mapema pia: jua likizama subirini giza liingie sawasawa. Baada ya swala ya Isha, tuseme saa 2 usiku, watu wametulia na mbingu imekolea.

#13 KaoleMchoraji

Nyongeza kwa la pangoni. Giza la kwenye katuni lisiwe jeusi, liwe la bluu iliyokolea au zambarau, na uso wa steringi uwe na mwanga wa pembeni hata kama hakuna taa inayouleta. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta. Kama mtoto na ukuta wa pango vimekuwa kijivu kimoja, kitambaani hataonekana, hata projekta iwe ya bei gani.

#14 Tangamano_Jioni

Wakuu, nimechapisha uzi mzima na vijana wanaupata kesho. La mwisho: jaribio la watoto lifanyike lini na kwa watoto wangapi, na wakionyeshwa nini kama rangi bado?

#15 Bi_Raskazone

Watoto 8 hadi 10, umri uchanganyike kuanzia miaka 4 hadi 10, na wasiwe ndugu wa wachoraji. Iwe Jumamosi asubuhi, maana alasiri wengi wako chuoni (madrasa) na wakitoka wana njaa. Wakae kwenye mkeka, wasikae kwenye viti. Viti vinaficha miguu, na miguu ndiyo mnayoisoma. Msiwaeleze hadithi kabla. Kesho yake mwombeni mzazi amwambie mtoto amsimulie, na mpokee maneno yake kama yalivyo. Alipoliruka tukio, hapo pana kazi.

#16 Mhariri_Dunda

Waonyeshwe storibodi za penseli zilizopangwa kwa muda halisi, na sauti za vijana wenyewe zilizorekodiwa kwa simu. Dakika 10 ni sekunde 600. Shoti ikikaa wastani wa sekunde 4 ni shoti 150, kwa hiyo zisipungue picha 150, na penye tendo gumu weka 3 au 4 kwa shoti. Watoto wakicheka kwenye penseli watacheka kwenye rangi. Wasipocheka, rangi haitawachekesha.

Baada ya jaribio la kwanza, kateni kabla ya kuongeza. Anzeni na dakika mbili za mwanzo, huko ndiko maelezo hujificha. Kisha mrudie na kundi jingine la watoto, maana hao wa kwanza wameshaijua hadithi.